Mdomo wa Amastan

"Basi kula jeuri yako," Kella alimwambia mdogo wake. "Mzee wa miaka hamsini na minane, umeachama kama ngamia anayepiga miayo, tena juu ya jalada la santuri."

"Sikuachama. Nilikuwa naimba."

"Nenda kamweleze hivyo mama mkwe wako."

Amastan akamalizia chai yake chini ya kilemba. Santuri mpya ya bendi yake ya roki ilikuwa mkekani kati yao, imefika asubuhi kwa basi la Algiers. Ndani mlikuwa na nyimbo tisa zinazouliza sisi ni nani leo, sisi tulioshuka ngamia tukapanda magari. Juu palikuwa na uso wake bila kile kilemba ambacho wanaume wa kwao hujifunika mpaka juu ya pua, hasa mbele ya wakwe: pua, ndevu na pengo la jino, vitu ambavyo tangu abalehe hakuna mtu wa mji wao, Tamanrasset, aliyeviona ila marehemu mkewe, naye gizani.

Mpiga picha wa Marseille, bendi ilikokwenda kurekodi, alimwambia nyimbo za mabadiliko zataka sura mpya. Wenzake watatu, waliohamia huko siku nyingi, walivua vilemba kama wanavua viatu. Amastan akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona mji mzima hauna mama mkwe wake hata mmoja, akavua. Hakuwaza kwamba picha nayo hupanda basi.

Nyumba yake ilikuwa kimya hata panya walihamia kwa jirani kutafuta mazungumzo. Mkewe alikuwa kaburini mwaka wa nne. Aliyembakia ni Bi Tehit, mama wa mkewe. Kila alasiri huja na bakuli la maziwa ya mbuzi, akaketi nyuma ya mkeka uliosimamishwa, maana mkwe hakodolewi macho, wakanywa chai glasi tatu kila mtu upande wake. Siku nyingine walisema maneno kumi, siku nyingine manne. Amastan aliishi kwa hayo manne.

Lakini mkwe mwingine wa Bi Tehit, mume wa binti yake wa pili, aliwahi kushusha kilemba anywe maji mbele ya mama huyo. Bi Tehit hajakanyaga kwa mkwe huyo tena, na huu mwaka wa kumi na moja.

"Mwambie umefananishwa," Kella alisema. "Sema huyo ni mtu mwingine."

"Nijikane mimi mwenyewe?"

"Si ndivyo unavyoimba humo, kwamba umekuwa mtu mwingine? Au uliimba tu?"

Amastan aligeuza glasi tupu mkononi. "Dada, asipokuja kesho, chai nitampikia nani?"

Kella alifungua kinywa amjibu. Kikohozi kikasikika mlangoni.

Amastan akavuta kilemba mpaka chini ya macho. Santuri hakuiwahi.

Bi Tehit aliingia na bakuli lake, shungi limemfunika nusu ya uso. Akasimama mbele ya ile picha, akasimama, hata mbuzi wa mtaa mzima wangeweza kukamuliwa. Kisha akainama, akaliweka bakuli la maziwa sawasawa juu ya mdomo ule, akapita nyuma ya mkeka uliosimamishwa, akangoja chai.