Barua ya Shukrani Niliyoisoma Dutumi

Dada mshauri wa kliniki aliponiambia kila jioni niandike mazuri ya siku hiyo, nilisema moyoni, huyu ananichezea. Mazuri yapi, jamani? Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa bila kulia, mimi nikiwa hoi baada ya kupasuliwa, na nilipopata nguvu nikaambiwa ameshazikwa. Sikumwona. Nyumbani kwetu Kibaha kila mtu alinikataza kumtaja: "Usijikumbushe, utapata mwingine." Mtoto aliyezaliwa hivyo hawekewi matanga, anazikwa kimyakimya, basi. Mimi nilitaka mtu mmoja tu azungumze nami habari za mwanangu.

Nikaanza kuandika, kwa hasira. "Leo umeme haukukatika." "Leo bosi hakuja." Mume wangu alisoma akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini zoezi lile lina ujanja wake: ukijua jioni utaandika, mchana unaanza kuangalia. Nikaona kumbe jirani hunisalimia kwa uchangamfu, kumbe maandazi ya pale ofisini ni matamu. Usingizi ukarudi. Ule uzito wa moyoni ulibaki palepale, siwezi kusema uongo.

Mshauri akaniongezea zoezi jingine: nimwandikie barua mtu ambaye sijawahi kumshukuru, kisha nikamsomee mwenyewe, ana kwa ana. Nilijua papo hapo ni nani. Mama mkwe ndiye aliyemwosha mtoto wangu.

Jumamosi nikaenda kwake Dutumi. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako, kwema?"

"Kwema. Nimekuja kukusomea kitu."

Nikatoa karatasi, nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama! Kwetu mtu akisimama na karatasi anasoma risala, na risala husomewa mgeni rasmi, si mama aliye na sufuria ya mihogo miguuni. Nilipofika "napenda kukushukuru kwa yote uliyonitendea," kisu kikamtoka mkononi.

"Wee! Unaaga? Mwanangu kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, mama."

"Basi unaumwa! Watu hawashukuriani hivi wakiwa wazima!"

Nikacheka, naye akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikaketi naye mkekani, nikaendelea kwa sauti ya kawaida: "Asante kwa kumwosha mwanangu siku ambayo mimi sikuweza. Asante kwa kuwa alishikwa na mtu anayempenda."

Alifuta mikono kwenye khanga yake, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Walinikataza nisikuambie," akasema. "Walisema utaumia. Nami nimekaa nayo humu," akajigonga kifua, "kila nikikuona nataka kusema, namezea."

"Niambie, mama."

"Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tii. Vidole virefu vya baba yake. Na kidevu," akanishika kidevu kwa mkono wenye utomvu wa muhogo, "kidevu ni hiki hapa. Hiki hiki."

Nikalia kwa sauti, mchana kweupe. Naye akalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.