Hodi ya Kwa Nyange

Mwatima Bakari alikuwa na masikio makali kupita kiasi. Jirani wa juu akifungua bomba, yeye huku chini alijua ni la moto au la baridi. Miaka yake ya mwanzo London aliimalizia Tooting akiwaogesha wazee wa watu, kisha akawa mkalimani wa mahospitalini, mpaka mgongo ulipomkatalia akatafuta kazi ya kukaa kitako. Akaipata: kusikiliza sauti na kuziweka kwenye maandishi, mezani kwake, chumbani kwake, mtaa wa Ilford, London hiyo hiyo.

Kazi ilitoka kwa kampuni moja ya washauri yenye ofisi karibu na Edgware Road. Serikali ya nyumbani ilikuwa imewapa mpango wa kurekebisha sekta nzima ya usafiri, nao wataalamu, ambao wengi wao hawajawahi kungoja basi matope yakiwafika kwenye vifundo, waliamua kwamba vituo vya mabasi vya Pwani vimezidi. Kati ya mia nne, vibaki mia na hamsini. Lakini sheria ilitaka wananchi wasikilizwe kwanza. Basi maofisa wakazunguka vijijini na kinasa sauti, na kila kikao kilimfikia Mwatima kwa kompyuta, akiandike na kukitafsiri. Kituo chenye pingamizi hata moja hakikufutwa mpaka kikao kirudiwe. Kisichosemewa na mtu, kwaheri yake.

Mwongozo wa kazi, ukurasa wa tatu, ulisema kikohozi, kelele na salamu visiandikwe. Mwatima alicheka siku aliyousoma. Mtoe mtu wa Pwani salamu, uone atabaki na maneno mangapi. Lakini kazi ni kazi, akawa anazitoa.

Jumanne moja ya Januari, baada ya chakula cha mchana, alifungua faili jipya akakuta limeandikwa Kwa Nyange.

Kwa Nyange ni kwao. Kituo hicho ndicho alichopandia basi na begi moja, miaka ishirini na mitatu iliyopita, akasindikizwa na mamake, Bi Nimwaka. Mama hakulia. Alisema tu kwamba atakuja kumpokea pale pale. Na kweli, majirani walimpigia simu Mwatima wakamweleza: kila Alhamisi Bi Nimwaka alikwenda kulingoja basi la Mombasa, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, kisha akarudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka kumi na sita, mpaka alipofariki. Mwatima hakwenda kuzika, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimekwama kwa watu wa uhamiaji. Karatasi zikatoka mwaka uliofuata, na bado hakwenda. Angekwenda na uso gani?

Alivaa vipokea sauti vyake akaanza kusikiliza. Mwenye akili zake alikuwa ameitisha kikao saa tatu asubuhi siku ya soko, kwa hiyo hapakuwa na mwanakijiji hata mmoja. Mwenyekiti na karani walikaa katika darasa tupu wakibishana mambo ya mpira. Chai ilimiminwa. Dakika ya kumi na tisa, mlangoni, sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Hodi."

Hakuna aliyejibu. Ubishi wa mpira haukusita hata kidogo. Dakika ya ishirini na sita ikaja tena, hodi, safari hii karibu zaidi. Mwenyekiti akasema anaona hakuna mtu, wafunge. Rekodi ikaishia hapo.

Mwatima alirudisha nyuma akasikiliza mara nne. Hodi ile aliijua. Ilivutwa mwishoni, kama ya mtu aliyejitwika mzigo kichwani.

Akampigia simu Alkesh, msimamizi wake, kijana aliyezaliwa London hapa hapa na wazazi kutoka Mombasa. Kiswahili alikielewa vizuri, ila akikisema kilichechemea. Alkesh naye akaifungua rekodi, akasikia mpira, akasikia feni.

"Aunty, mimi sisikii mtu," alisema. "Na hata kama yuko, hiyo ni salamu. Salamu tunatoa."

Akamwambia aandike kwamba hakuna aliyefika, faili liwe limetumwa kabla ya saa kumi, kwani jioni orodha ya vituo vya kufutwa ingefungwa.

Mwatima akaandika: Hakuna aliyefika. Kidole kilikuwa tayari kutuma aliposikia mtu mlangoni. Ilford watu hubonyeza kengele. Huyu hakubonyeza kitu.

"Hodi."

Kwao hodi ni tatu. Mgeni asiyeitikiwa ya tatu hugeuka akaenda zake, halaumu, wala harudi. Na kwao huko huko bibi yake alimuonya asiitikie kamwe sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Tusimsifu bure: Mwatima aliogopa. Lakini alimfikiria mamake akigeuka tena bila neno, kama alivyogeuka Alhamisi zaidi ya mia nane, na hilo likamshinda kuliko woga.

"Karibu, mama," akasema.

Mlango haukufunguka. Ila kwenye kompyuta, rekodi iliyokuwa imeisha ilianza kwenda yenyewe. Dakika ya ishirini na saba. Ya ishirini na nane. Kiti kikaburutwa sakafuni mwa darasa lile. Mtu akakaa, akashusha pumzi, akawaamkia waliokuwepo na kuuliza hali za nyumbani, kisha akanyamaza, akingoja kuitikiwa. Mwatima akaitikia moja baada ya nyingine, machozi yakimtoka, maana hakuna mwingine wa kuitikia.

Ndipo sauti ikasema haja yake.

"Nasikia mwataka kukiondoa kituo. Msikiondoe. Kuna mtu wangu hajashuka."

Rekodi ikasimama. Mwatima akafuta alichoandika, akayaandika yote upya, na salamu zote humo.

Saa kumi kasoro dakika kumi Alkesh alipiga. Mwatima akamwambia alifika mmoja. Kijana akauliza aliunga mkono au alipinga. Akaambiwa alipinga. Akaomba jina, akatajiwa Nimwaka binti Salimu, na Mwatima akasikia vidole vyake vikiliandika, herufi kwa herufi.

"Basi kikao kitarudiwa mwezi wa tatu," Alkesh alisema. "Lakini aunty, hakikisha huyo mama atakuwepo."

"Yeye yupo," alisema Mwatima. "Asiyekuwepo ni mimi."