Kamba Fupi

Mume wangu alinikatia kamba fupi hadi nikamwuliza kama alioa mke au mbuzi.

"Mbuzi simfungi karibu na mahindi kwa kamba ndefu," akasema, bila hata kuniangalia. "Akifika ukingoni, kamba iwe imeisha."

Haki nilikasirika! Kamba ilikuwa ya kunifunga kwenye mashua yangu ndogo ya tanga, niliyoachiwa na mzungu niliyempikia miaka mingi hapa Naivasha, na ni yeye aliyenifunza kuiendesha. Nilitaka kamba ya kuniwezesha kutembea ndani vizuri, nifike hadi mbele. Lakini mume wangu alikuwa na hofu moja tu: ukianguka ukiwa peke yako, mashua haikungoji. Inaenda na upepo wake, na wewe unabaki na viboko. Nikajifunga hiyo kamba yake kifuani, juu ya jaketi ya kuelea, nikaondoka nikinung'unika.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia tuli. Mchana upepo ukashuka kutoka upande wa mlima Longonot, bila hodi. Mti wa chini wa tanga ukazunguka ukanigonga bega, nikarushwa upande. Niliona maji, maji tu, yako hapa puani. Nikasema basi, nimekwisha. Halafu kamba ikakazika, ikanishika kifuani. Kichwa na mikono vilikuwa nje, tumbo juu ya ukingo, miguu ingali ndani. Ingekuwa ndefu vile nilivyotaka, ningekuwa naburutwa ziwani nikimeza maji.

Nikajivuta, nikaanguka ndani kifudifudi. Nikacheka. Nikalia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikautukana ule upepo matusi ambayo wenzangu wa kanisani hawajui kama nayajua. Wacha niseme ukweli, sijawahi kupenda mbao chafu zenye harufu ya samaki kama siku hiyo. Halafu nikalegeza tanga, nikarudi polepole.

Karibu na ufuo nikaona mtu amesimama majini, maji yamemfika kifuani, anapunga shati. Alikuwa mume wangu. Kutoka nchi kavu aliona tanga likilala, akaingia. Mtu aliyezaliwa huko milimani, kuogelea hajui hata kidogo!

"Toka majini, wewe! Viboko!" nikampigia kelele.

Hakutoka. Alishika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili, akakataa kuuachilia mpaka tulipogusa tope.