Mashine Iliyokufa Kila Alasiri

Kompyuta ikigoma, jambo la kwanza ni kuwafukuza wote waliosimama nyuma yako. Nimetengeneza mashine za watu kutoka Likoni hadi Kisauni, na sijapata kuona hata moja iliyopona kwa sababu imezungukwa na kundi la wanaume wanaosema, "Hiyo ni virusi." Miaka ile ya tisini mwanzoni kila kitu kilikuwa virusi. Waya umeng'oka, virusi. Panya amekula kebo, virusi. Likoni niliitwa mbio na mwenye duka la kupiga chapa, nikakuta kompyuta imezimika kwa sababu mkewe aliichomoa ili apige pasi kanzu ya Ijumaa. Nikairudisha plagi ukutani, ikawaka. Bwana yule akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Na kwa kuwa mimi ni mwanamke, hilo nalo lilikuwa na mambo yake. Napiga hodi na mkoba wangu wa bisibisi, mtu anachungulia nyuma ya mgongo wangu, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Ebo! Fundi ndiye huyu, mzaliwa wa Frere Town, ambaye mamake alitaka awe nesi. Nilishazoea. Nilikuwa naingia tu bila kujibu, nauliza chai iko wapi.

Sasa kulikuwa na ofisi moja Changamwe, upande wa kuelekea Port Reitz, kazi yake kuwatolea watu mizigo bandarini. Tajiri mwenyewe alikuwa mtu wa ukoo wa zamani, mpole wa maneno, kanzu imepigwa pasi hata nzi anaogopa kutua. Ofisi ilikuwa chini, nyumba juu, na huko juu alikaa mamake. Chini kulikuwa na kompyuta moja, na binti mmoja wa Kaloleni, huko mashambani, aliyekuwa ametoka tu kumaliza mafunzo. Asubuhi mashine aliitumia tajiri. Mchana alikaa yule binti, akiingiza habari za makontena: ni la nani, limeingia lini, limewekwa wapi.

Tajiri alinipokea mlangoni akanieleza kwa sauti ya chini, ambayo ilisikika mpaka barabarani.

"Asubuhi naitumia mimi, haina neno. Akikaa yeye, ikifika alasiri inakwama. Tukiiwasha tena, makontena mengine hayaonekani. Wallahi mimi si mtu wa kusema watu, lakini msichana huyu ana nuksi."

"Nuksi gani?"

"Hawa watu wa huko mashambani, si unayajua mambo yao?"

Bibi yangu mzaa mama alitoka huko huko mashambani. Nikamwambia nuksi haina skrubu, siwezi kuifungua, aniache nione mashine. Akasema haya, ila nifanye upesi, kwa sababu Jumamosi atamwambia binti asirudi tena.

Binti alikuwa ameketi pale pale, ameinamisha kichwa, amesikia yote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Na ofisi za Changamwe zinajuana zote, maneno ya chai ya asubuhi hufika kila mlango kabla ya adhuhuri. Mtu akifukuzwa kwa uvivu atapata kazi kwingine. Akifukuzwa kwa nuksi, nani atamweka karibu na kompyuta yake? Nilimwonea uchungu, nikamwambia aniletee chai, angalau apate pa kwenda.

Nilianza na yale makontena yaliyopotea. Kabla hujagusa chochote, nakili. Watu hufanya kinyume, hubonyeza kila kitufe walichonacho, na wakishaharibu ndipo wanauliza kama kuna nakala. Nikaweka nakala kwenye diski, nikaiandika jina kwa kalamu, nikaitia mkobani. Programu zile za data zilikuwa na vitu viwili. Kuna rekodi zenyewe, halafu kuna faili nyingine, indeksi, ambayo kazi yake ni kuionyesha programu rekodi gani iko wapi. Mashine ikizimika katikati ya kuandika, indeksi huvurugika. Rekodi zipo zimelala salama, ila programu inapita mlangoni pao bila kuziona. Nikaifuta indeksi, nikaijenga upya, na makontena yakajipanga kwenye skrini moja baada ya jingine.

"Kwa hivyo hakuyafuta?" tajiri akauliza.

"Hakuyafuta."

"Na mbona mashine inakwama?"

Swali zuri hilo, alau mara moja. Nikamwambia mashine inayokufa alasiri hutazamwa alasiri, nikavuta kiti, nikamwambia binti afanye kazi yake kama kawaida. Tajiri alitaka nibadilishe kebo, nibadilishe kibodi, nibadilishe na soketi. Ukibadilisha vitu vyote kwa pamoja hutajua kilichoponya ni kipi, na kesho utarudi hapo hapo. Nikaketi, nikanywa chai yangu.

Adhana ya alasiri ikapita, watu wakaswali. Punde nikasikia kandambili kwenye ngazi. Mama mtu akashuka pole pole, buibui mabegani, mkono mmoja ana chetezo chenye makaa, mkono wa pili ana leso. Akatusalimu, akasema bismillahi, akaitandaza ile leso juu ya sipiyu, lile sanduku la mashine, akaiteremsha mpaka chini, kisha akakiingiza chetezo kwa nyuma, ndani ya leso, akatupia udi. Ni vile vile tunavyofukiza nguo za harusi, moshi usipotee bure. Feni ya mashine ikauvuta wote kwa raha zake. Mama akanong'ona dua, akamtazama binti kwa huruma, akasubiri udi uishe, akatoa chetezo chake, akapanda juu. Leso aliiacha.

Mimi kinywa wazi. Chai ikanipoa mkononi.

Haikuchukua muda. Binti alikuwa katikati ya kuandika jina la meli, kioo kikaganda. Nikaizima mashine, nikaifungua. Jamani! Nimefungua kompyuta zenye mende, nimefungua zenye sisimizi, moja ya Kisauni mjusi alikuwa ametaga ndani. Lakini kompyuta inayonukia kama iko kwenye fungate, hiyo ilikuwa ya kwanza. Masizi na mafuta ya udi yalikuwa yameshikana na vumbi, yakaigandisha feni. Niliisukuma kwa kidole ikazunguka kidogo, ikasimama. Asubuhi kukiwa na ubaridi mashine ilivumilia. Mchana, kwa joto la Changamwe na leso juu, ilikuwa inajipika.

Nikamwita tajiri pembeni nikamwonyesha. "Nitaisafisha kwa spiriti, nitatia feni mpya, itapona. Ila mwambie mama asiifukize tena."

Akajikuna shingo. "Mama yangu?"

"Mama yako."

"Hilo siwezi kumwambia. Udi wake ni dua yake. Bora msichana aende, nitatafuta mwingine."

"Na huyo mwingine, mashine haitamfia?"

"Itamfia," akasema, akaanza kurekebisha kofia yake.

Lo! Mwanamume mzima, mwenye malori, mwenye mvi, yuko tayari kumfukuza mtoto wa watu asiyekuwa na kosa, ili asizungumze dakika moja na mamake. Nilitamani nimtwange na ile feni. Badala yake nikavua viatu, nikapanda ngazi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndoo, mwanangu, ndoo uketi."

Nikaketi mkekani. Nikamuuliza, kwa adabu zangu zote chache, udi ule wa chini anamfukizia nani.

"Yule mtoto," akasema. "Alipokuja tu, stima zikapotea, mashine ikazima, vitu vyao vikapotea humo. Mwanangu akaanza, ana nuksi, ana nuksi. Mimi nasema ni jicho tu limempata maskini. Nikasema nitafukiza kila siku mpaka limtoke. Lakini naona mambo yanazidi."

Hapo ndipo nilipokosa la kuchekea. Stima zilizimwa na kampuni ya umeme, wala hazikumjua binti yeyote. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye chetezo, na kadiri mashine ilivyozidi kufa, ndivyo mama alivyozidi kutia udi. Nikamweleza taratibu: feni, moshi, yale masizi. Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi. Akavinusa.

"Ni udi wangu," akasema.

"Ndio, mama."

"Na mwanangu anajua?"

"Nimemwonyesha sasa hivi."

"Na amekutuma wewe, au umekuja mwenyewe?"

Hakungoja jibu. Akainuka, akashuka akishika ukuta, mimi nyuma yake. Tajiri alipomwona akasimama wima.

"Wewe!"

"Naam, mama."

"Ungemfukuza mtoto wa watu kwa kuniogopa mimi? Nilikulea uniogope, au nilikulea umwogope Mungu?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Muombe yeye. Na kuanzia leo nisisikie neno nuksi ndani ya nyumba hii. Haendi popote."

Tajiri akamgeukia binti akaomba radhi, maneno yakimtoka kwa shida. Binti akaitika kwa kichwa, mikono imeshikana mapajani. Mama akamsogelea, akaketi kwenye kiti cha wateja, wakawa uso kwa uso.

"Na wewe, mwanangu, unakaa na mashine hii kila siku. Hukuuona moshi ukiingia?"

"Niliuona, mama."

"Ukadhani hauna neno?"

"Zile siku ulizokuwa na homa hukushuka. Mashine ikafanya kazi mpaka tukafunga ofisi. Nikajua."

Tajiri akafungua kinywa, mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulijua, na Jumamosi unafukuzwa? Kwa nini hukusema?"

Binti akamtazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Watu wote hapa walikuwa wananiogopa, mama. Ni wewe tu uliyekuwa unashuka kuniombea. Ningeanzaje kukwambia uache?"