Keyateka wa Ghorofa Yetu

Neno keyateka, huko kwenye Kiingereza lilikozaliwa, ni mtu anayetunza. Huku mtaani kwetu Pipeline ni mtu mwenye funguo za mfereji wa maji. Wetu huzizungusha kidoleni akishuka ngazi, na ana sauti ya upole kama ya shemasi, ila upole wote huo huutumia kukatalia watu. Jana alikuwa akiosha pikipiki yake kwa mpira wa maji, Ayuma wa ghorofa ya sita akaja na ndoo, siku tatu tu tangu ajifungue.

“Keyateka, nijazie hii moja, ya nepi.”

“Mama, maji ni Ijumaa.”

Kisha jamaa akajipangusa mikono, akafungua daftari la wapangaji, analohesabia ada ya maji kwa kila kichwa.

“Nyumba yako sasa iko na watu watatu. Huyu mgeni tumwandike nani?”