Dansi la Shangazi Katikati ya Spika

Jina la Waya hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, kwa sababu tangu aanze kufunga vyombo vya muziki kwenye kumbi za watu hajawahi kuonekana bila waya shingoni, hata msibani. Ni fundi mwenye mikono myepesi na hasira za karibu, na ukitaka kumwona anavyovimba, mwambie spika yake inakoroma.

Masikio yake yalifunzwa na shangazi yake, mshonaji aliyemlea. Mama huyo alishona mchana na kucheza dansi jioni, na akiingia uwanjani ukumbi mzima unampisha. Kisha presha ya macho ikamchukulia nuru yote. Watu wakadhani ataacha cherehani. Thubutu! Alichoacha ni dansi.

"Redioni muziki wote unatoka kwenye kitobo kimoja," alisema. "Nicheze na nani, na kitobo?"

Neno hilo lilimchoma Waya. Akaomba chumba kikubwa nyuma ya karakana moja ya mtaani, akarekodi bendi, kila mpigaji na maikrofoni yake, kisha akazungusha spika chumba kizima, kila moja mahali alipokaa mwenyewe: ngoma konani, besi mlangoni, tarumbeta karibu na nguzo. Msikilizaji angekaa katikati ya bendi. Aliwaalika wasioona wa mtaani waje Jumamosi, lakini moyoni mgeni wake alikuwa mmoja tu. Shangazi alikubali shingo upande: atakuja Ijumaa kuonja, na kama ni kitobo tena, habari za muziki asiletewe tena maishani.

Akaja, akaketi katikati, mkoba mapajani. Muziki ukatoka safi kama sahani iliyooshwa. Alisikiliza wimbo mzima, kisha akapapasa kutafuta fimbo yake.

"Mzuri, mwanangu. Lakini watu wako wapi?"

"Watu gani, shangazi? Si hao wanapiga!"

"Ngoma naisikia, mpigaji simsikii. Hana kiti huyo? Hahemi?"

Waya alifura. Wiki nzima alikuwa akikata makelele: kiti cha mpiga ngoma kinacholia, kiatu cha mpiga besi kinachogonga sakafu, mwimbaji akivuta pumzi, mpiga tarumbeta akisafisha koo.

"Huo ulikuwa uchafu, shangazi. Nimeufagia."

"Basi umewafagia na wenyewe," akajibu, na huyo akashika njia.

Waya alinuna mpaka chai ikapoa. Lakini sikio halipiti kichwa. Alipofumba macho na kusikiliza upya, kweli, chumba kilikuwa kitupu, na ikamuuma kwamba hakuwahi kufumba macho hata mara moja. Akarudisha kila kiti, kila kiatu, kila kikohozi. Asubuhi yake akaenda kubisha hodi kwa shangazi.

"Njoo tu unitukane mbele ya watu," akambembeleza.

Kwa hilo, shangazi alikuja.

Kiti kikalia konani. Shangazi akageuza uso. Kiatu kikagonga mlangoni, naye akacheka. "Huyu viatu vyake vinataka soli!" Karibu na nguzo mtu akasafisha koo, tarumbeta ikapanda, na wageni wote wakaanza kutikisa vichwa. Shangazi akamtwika Waya mkoba, akamwekea na fimbo juu yake, akainuka.

Akacheza! Alizunguka kona ya ngoma, akampita mwimbaji kwa heshima zote, mabega yakikumbuka kazi yao. Waya alijawa na furaha na woga kwa pamoja. Halafu akamwona anaelekea kwenye nguzo, moja kwa moja kwenye spika ya tarumbeta, na yeye mikono imejaa vitu vya watu.

Kabla hajaigusa, shangazi akasimama, akapunga mkono.

"Hebu nipishe, baba, nicheze."

Waya akaweka mkoba na fimbo chini, akanyatia, akaivuta spika pembeni.

"Ahsante," shangazi akaiambia tarumbeta, akapita.