Ruta ya Chumba cha Mama Mkwe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeuza mbuzi miaka ishirini na sita. Nimeona mbuzi akizaa watatu juu ya lori linalotembea, na nimeona tajiri wa Tseikuru akibaki na kamba peke yake baada ya ukame mmoja. Shule niliiacha darasa la sita. Leo nina nyumba ya mawe hapa Kibwezi, kuta za inchi tisa hata za ndani, maana fundi alipotaka kuweka nyembamba nilimwuliza kama anajengea kuku. Nasema haya ili anayesoma ajue kisanduku cha plastiki kilimsumbua mtu wa aina gani.

Mke wangu ana ndugu, kitinda mimba wa kwao, anatunza wazee huko Kanada. Kila Jumapili baada ya kanisa mama mkwe huongea naye kwa video, na jamaa wote hukaa wakingoja zamu ya kuonyesha uso. Miaka minne walikutania kwangu, kwa bando za simu. Baridi ya Nunguni ilipomshika mama magoti, mimi ndiye niliyemshusha Kibwezi na kumjengea kijumba karibu na kanisa. Jumapili nilichinja bila kuambiwa. Ukiniuliza nilipata nini, nitakwambia: watu walipouliza jamaa wako wapi, jibu lilikuwa jina langu.

Kisha yule aliyeoa dada mdogo wa mke wangu akavuta intaneti ya giga moja. Yeye kazi yake ni kupiga video za harusi na mazishi, na siku hizi mazishi hurushwa moja kwa moja ili walioko ng'ambo walie na wenzao. Kwa kazi yake, sawa. Lakini Jumapili moja mke wangu aliniambia huku akijifunga leso, "Leo tunaenda kule. Kwake picha haikatiki."

"Na nyama?"

"Tutakula tukirudi, Baba."

Nilienda. Nilikaa sebuleni kwake nikala kuku wake, kuku mzuri. Ruta yake, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ilikuwa ndogo kama kisahani cha chai, haina hata pembe moja ya antena. Alifungua laptopu akanionyesha: mia tisa na thelathini.

"Mia tisa nini?"

"Kasi, mkubwa. Giga moja ni elfu, na hapa inafika karibu yote."

Ananiita mkubwa kwa sababu nimeoa dada mkubwa. Siku hiyo nililisikia kama tusi. Huko ndani wanawake walikuwa wakicheka na mtu wa Kanada kama ameketi nao, na mimi nilihesabu kila kicheko. Kwangu hawakuwahi kucheka hivyo.

Jumatano niliita kampuni ile ile nikalipia giga moja kama yake. Fundi wao akaniuliza kama nina ruta inayoweza kubeba giga. Nikamwambia ruta nitajinunulia. Dukani msichana akauliza, "Ya matumizi gani, mzee?"

"Nipe nzito."

"Nzito aje?"

Nikamweleza kwamba mbuzi hanunuliwi kwa rangi, anashikwa mgongo. Nikashika ruta sita. Moja ilikuwa na pembe nane na uzito kama wa pakiti ya sukari. Akasema hiyo ni ya zamani kidogo. Nikamjibu hata mimi ni wa zamani.

Nilimwita bwana video aje aione, na aje na laptopu yake. Alichomeka waya. Tisini na nne. Akarudia. Tisini na nne. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma, maana angecheka ningepata la kumwambia. Aliigeuza ruta, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Mkubwa, matundu haya ya waya ni ya mia moja. Hata wakuletee giga kumi, hapa inapita mia. Tafuta yenye matundu ya elfu moja, na hasa lile la kupokea kutoka kwa kampuni. Na usiangalie tundu peke yake. Nyingine zina tundu kubwa lakini ubongo mdogo, kazi ikizidi zinachoka."

Nilielewa haraka kuliko alivyotaka nielewe. Nilikuwa nimejaza boma mbuzi elfu nikaweka mlango wa kupita mmoja mmoja. Mimi, kwa kazi yangu.

Nilirudi dukani na safari hii nilimsikiliza yule msichana. Ya pili ilikuwa na matundu ya elfu, ubongo wa kutosha na waifai ya kisasa. Niliiweka sebuleni chini ya televisheni, mahali ambapo hakuna mgeni asiyeiona. Nikapima kwa laptopu ya binti yangu: mia tisa thelathini na tano. Tano zaidi yake. Niliipiga picha, nikamtumia bila kuandika neno. Akajibu, "Hongera mkubwa." Hata hongera yake ilinichoma.

Jumapili walikuja wote. Sasa, kwetu Wakamba mwanaume hakai chumba kimoja na mama ya mke wake, wala hampi mkono. Ni nthoni, heshima ya wakwe. Wako waliookoka wakaiacha. Mama mkwe ameokoka miaka mingi na hajaiacha. Kwa hivyo mimi na wanaume tulikuwa sebuleni na ruta, naye na wanawake walikuwa chumba cha nyuma karibu na jiko, kuta tatu mbali. Inchi tisa, mara tatu.

Nilisikia yote. "Mwanangu? Mbona umenyamaza?" Kisha, "Ameganda. Ameganda na mdomo wazi." Sikuweza kuingia kushika hiyo simu hata niangalie. Mama akapaza sauti, akiongea na binti yake ili nisikie mimi: "Mwambie mwenye nyumba asante kwa chakula. Mwambie pia mtoto wangu amekuwa picha ya kutundika."

Mke wangu akatokeza mlangoni. "Baba, sogeza hicho kitu."

"Nisogeze wapi? Waya unaishia hapa."

Nikawaambia wanaume tutoke nje, tuwaachie sebule. Kabla hatujainuka nilisikia ndala zao uani, zikielekea langoni. Walikuwa wanaenda kwake. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwangu, mkononi ana mfupa wangu, na watu walikuwa wakienda kwake.

Ilinichukua siku tatu kwenda kumwuliza. Nilimkuta akifuta vioo vya kamera. Sikuzunguka.

"Yako inafikaje kwa mama?"

"Haifiki, mkubwa. Na ukuta wangu ni mwembamba kuliko wako. Nilivuta waya kutoka kwenye ruta mpaka chumba anachokaa, nikaweka kengine kadogo huko darini ka kutoa waifai. Kabla sijalipia hata mwezi wa kwanza nilijiuliza mama atakaa wapi."

Hilo ndilo sikuweza kumsamehe. Kasi ningeinunua, na pembe ningezinunua mpaka duka liishe. Yeye alikuwa ameanza na kiti cha mama mkwe. Mimi nilianza na namba yake.

Lakini nilifanya alivyosema. Fundi alitoboa kuta zile tatu na akavunja misumari miwili ya drili, akaniuliza ni nani aliyejenga nyumba hii. Siku nyingine ningefurahi kulijibu swali hilo. Kale kadogo keupe kakakaa darini juu ya kiti cha mama.

Jumapili hiyo nilikaa sebuleni na sikula. Sauti ya Kanada ilitoka kule nyuma safi, hata kikohozi chake nilikisikia. Wanawake wakacheka, kile kicheko chenyewe. Mama akasema, "Mwambie mwenye nyumba Jumapili ijayo tuko hapa." Moyo wangu ukakaa mahali pake. Kisha akaomba. Alimwombea mwanawe na baridi ya huko, akafika kwetu: "Na yule mkwe wangu wa video aliyemwonyesha mwenzake njia, Bwana bariki mikono yake. Na mwenye nyumba hii, mpe kutulia." Wanawake wakasema amina. Bwana video, kando yangu, akasema amina polepole akiangalia viatu vyake.

Wageni walipotoka mke wangu aliniuliza, mikono ikiwa kwenye karai la vyombo, yote imenigharimu ngapi. Nilitaka kusema ni kidogo. Nikajumlisha kichwani ruta mbili, kale kadogo, waya, fundi na misumari yake, halafu nikamwambia ukweli: elfu arobaini na tatu, mia saba na hamsini.